Vidokezo: Jifunze Gita kwa Majirani, Kisauni hadi Likoni

Kama unaishi Kisauni, Changamwe au ng'ambo ya Likoni na moyo wako uko kwenye gita, usikate tamaa kwa kukosa ada ya chuo cha muziki. Walimu wako mtaani tayari. Yupo dereva wa tuktuk anayepiga besi kanisani kila Jumapili, yupo kibarua wa bandarini anayeshika solo kwenye harusi, yupo mzee mstaafu anayelitoa gita barazani baada ya chakula cha usiku. Hawaishi kwa muziki, lakini kila mmoja anajua kitu ambacho wewe bado hukijui.

Tena muziki wa gita wa pwani yetu haukuletwa na watu waliojifungia. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, alipelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili katika kikosi cha kuwatumbuiza askari, na aliporudi akawa miongoni mwa watu wa kwanza Kenya kurekodi kwa gita la umeme. Them Mushrooms walianza 1969 kwa jina la Avenida Success: walikuwa ndugu wa nyumba moja, watoto wa familia ya Harrison wa Kaloleni, wakifundishana wenyewe kwa wenyewe hadi wakafika kwenye hoteli za ufukweni na, mwaka 1982, kwenye wimbo wa "Jambo Bwana". Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, walipitia bendi ya Jamhuri Jazz kabla ya kuingia Kenya 1971 na kuunda Simba Wanyika. Ukisikiliza kazi zao utasikia gita moja likiuliza na jingine likijibu. Ukijifunza peke yako chumbani, unajifunza upande mmoja tu wa mazungumzo.

1. Nenda kununua na mtu anayejua

Gita la kwanza si lazima liwe jipya, ila lazima liwe zima. Mwenzako atalishika kama seremala anavyoshika mbao, jicho moja limefumbwa, aangalie shingo kama imenyooka. Kisha atapiga kila uzi kwenye kila freti, kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Uzi ukizizima mahali pamoja tu, huenda freti moja imeinuka. Ukizizima kila mahali, shingo ina kasoro au nyuzi zimekaa chini mno.

Jaribio la mwisho ni la sikio. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, bila kuubana, uupige: utatoa mlio mwembamba kama kengele. Sasa ubane hapo hapo uupige tena. Milio hiyo miwili ikifanana, gita linaweza kupatana na magita ya wengine. Ikitofautiana sana, utakuwa unatyuni kila siku na bado kordi za juu zitakuwa chafu. Wauzaji wengi hawapendi jaribio hili. Fanya tu, kwa heshima.

2. Jua nyuzi zako ni za aina gani

Gita lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lina shingo pana na mwili mwepesi. Watu huzivua za nailoni wakaweka za chuma ili lilie kwa nguvu, na baada ya miezi michache daraja lililogundishwa kifuani linang'oka, maana chuma huvuta kwa nguvu nyingi zaidi. Nailoni kwa nailoni, chuma kwa chuma.

Kwa anayeanza na gita la chuma, tafuta seti nyembamba, ile ambayo uzi wa kwanza ni namba 10. Vidole vitauma kidogo na sauti itatosha. Ngozi ya ncha za vidole ikishakomaa, ndiyo uhamie namba 11 au 12 ukitaka.

3. Chumvi ni adui wa kila siku

Huku kwetu hewa ina chumvi na jasho halikauki. Nyuzi za chuma zinazoachwa wazi Mtongwe au Bamburi hupata kutu mapema sana. Dawa yake ni rahisi: kitambaa kikavu cha pamba ndani ya mfuko wa gita, na kila ukimaliza kupiga unapangusa kila uzi juu na chini. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, viweke ndani ya mfuko.

Jua nalo lina madhara yake. Gita lililoachwa ndani ya gari huku jua likiwaka, au lililoegemezwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, gundi yake hulainika na mbao hujikunja. Wakati wa mvua za masika mbao hunywa unyevu na nyuzi hubadilika sauti kila asubuhi. Hilo ni jambo la kawaida, gita halijaharibika.

4. Tyuni kwa sikio, simu iwe shahidi

Programu za kutyuni zinapatikana kwenye simu nyingi na ni sahihi. Lakini kwenye mazoezi, ngoma ikilia na watu wakiongea, simu haisikii vizuri. Jifunze njia ya wazee. Ukishapata uzi wa sita, ule mnene, ubane kwenye freti ya tano: sauti hiyo ndiyo ya uzi wa tano ukiwa wazi. Wa tano kwenye freti ya tano unakupa wa nne. Wa nne kwenye freti ya tano unakupa wa tatu. Hapa pana mtego: wa tatu unabanwa kwenye freti ya nne ili kukupa wa pili. Kisha unarudi freti ya tano, wa pili ukupe wa kwanza.

Fanya hivyo kila siku kabla ya kupiga chochote, halafu ndipo ufungue simu uhakikishe. Sikio litakomaa bila wewe kujua. Na mkiwa wengi, mtu mmoja atoe sauti, wengine wamfuate yeye. Kama kuna kinanda, kinanda ndicho baba yenu, kwa sababu hakityuniki.

5. Waendee walipo

Changamwe, Chaani na Mikindani zina makanisa mengi yenye bendi, na bendi hizo hufanya mazoezi kabla ya Jumapili. Mazoezi ndiyo yenye faida kwako kuliko ibada yenyewe, maana hapo watu wanakosea, wanasimama, wanaelezana, wanarudia. Omba ruhusa kwa kiongozi wa kwaya ukae nyuma ya mpiga gita, mahali unapouona mkono wake wa kushoto.

Kisauni ina hazina yake. Frere Town ilianzishwa 1875 na wamisionari wa CMS kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyopaacha mahali pale na jina la Kengeleni. Huko huko ndiko kwao Mzee Joseph Ngala, mpiga saksafoni aliyeupa muziki wa bango sura yake, rumba ikichanganywa na chakacha na midundo ya Wamijikenda. Bango ni muziki wa harusi na sherehe za familia, kwa hiyo huhitaji kulipa kiingilio cha klabu uusikie. Ukialikwa harusi yenye bendi, usikae meza ya mbali. Nenda pembeni ya jukwaa, na bendi wakipumzika wapelekee maji. Wengi wao watafurahi kuulizwa.

Wale wanaopiga hotelini Nyali, Bamburi na Diani, kazi yao ni ya usiku. Usimwendee mtu wa hoteli asubuhi. Saa tisa au saa kumi mchana keshaamka, keshakula, na mara nyingi anajipasha vidole. Anayekaa Likoni ana nafuu ya feri: anayevuka kwa miguu halipi, hivyo rafiki wa upande wa kisiwani si rafiki wa gharama. Bebea gita lako mfuko wenye kamba za mgongoni, mikono yote miwili ibaki huru kwenye msongamano, na usiliweke chini karibu na magurudumu ya mikokoteni.

6. Omba kitu kimoja, tena kidogo

Hapa ndipo wengi wanapopoteza walimu wazuri. Ukimwambia mtu "nifundishe gita", umemtwika mzigo ambao hajui auanzie wapi, naye atasema "njoo siku moja", na siku hiyo haifiki. Mwombe jambo linalomalizika kwa dakika tano. "Shikamoo mzee. Nimekusikia jana ukipiga nikapenda. Naomba unionyeshe, ukitoka C kwenda F kidole cha tatu kinakwenda wapi." Kwa kijana mwenzako sema, "Kaka, hebu niangalie hapa, mbona uzi huu haulii?" Swali dogo linampa mtu nafasi ya kuwa fundi papo hapo, na aliyejisikia fundi mara moja atakuita mwenyewe kesho.

Akilichukua gita akaanza kupiga, mwache afaidi. Akimaliza, mwombe alirudishe mkononi mwako akutazame wewe. Usipofanya hivyo utarudi nyumbani umeburudika bila kujifunza. Makosa ya anayeanza hayaonekani na mwenyewe. Kidole kimekaa katikati ya freti mbili badala ya kukaribia chuma, kwa hiyo unabana kwa nguvu zote na uzi bado unazizima. Kiganja kimegusa uzi wa kwanza ukanyamaza. Bega limepanda juu karibu na sikio. Mwenzako ataona yote hayo kwa mara moja, asogeze kidole chako upana wa punje ya mchele tu, na kordi iliyokushinda wiki nzima ilie safi.

Tarajia watu kupingana. Mmoja atakuambia kidole gumba kikae nyuma ya shingo, mwingine atakuonyesha chake kikichungulia juu na kubana uzi wa sita. Wote wako sawa. Kwa kordi za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja, gumba la nyuma lina nguvu zaidi. Kwa rumba ya kukaa na kupiga muda mrefu, gumba la juu linaupumzisha mkono. Sikiliza wote wawili, jaribu yote mawili, usimpelekee mmoja maneno ya mwenzake.

Ukitaka kumrekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza, na usiitume video yake popote bila yeye kujua. Na usiende mikono mitupu kila siku. Kahawa na kashata ni kitu, lakini seti ya nyuzi ni heshima kubwa zaidi kwa mpiga gita, kwa sababu hicho ndicho kitu anachokihitaji daima na hajinunulii.

7. Anza na ridhimu, solo itakuja

Kila kijana anataka solo. Naelewa, solo ndiyo inayosikika na ndiyo inayopigiwa makofi. Lakini bendi ya mtaani haikosi mpiga solo. Inakosa mtu wa ridhimu anayeweza kushika mwendo ule ule dakika nane bila kukimbia. Ukiwa mtu huyo, utaitwa kila mahali na utasimama kando ya wapigaji waliokuzidi, ambako ndiko kwenye shule yenyewe.

Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Wengi wanaujua wimbo huo kwa sauti na maneno. Usikilize mara tatu, kila mara na kazi yake. Mara ya kwanza fuata besi ya Tommy Malanga peke yake, usahau mengine. Mara ya pili tafuta gita la Omari Shabani, aliyeitwa Profesa, aliyepiga ridhimu: usikie jinsi lisivyoonyesha mbwembwe na jinsi wimbo mzima unavyolikalia. Mara ya tatu ndipo umsikilize John Ngereza kwenye solo, nawe utagundua anaingia pale ambapo wenzake wamemwachia nafasi.

Siri ya ridhimu ya namna hiyo iko mkono wa kushoto. Wengi hupiga kordi wakaiacha iendelee kulia, ikamfunika mwimbaji. Bana, piga, kisha legeza vidole bila kuviondoa kwenye nyuzi. Sauti inakatika papo hapo na unabaki mkwaruzo mkavu kidogo. Kubana na kulegeza, kubana na kulegeza, huku mkono wa kulia ukienda juu na chini bila kusimama. Fanya kwa kordi moja tu, dakika tano, mguu ukigonga chini. Mkono ukichoka pumzika, usikaze.

Kisha mwite mwenzako mwenye gita la pili. Mmoja abane kordi karibu na kichwa cha gita, mwingine abane kordi zile zile juu ya shingo, kwenye freti ya tano au ya saba, kwa nyuzi tatu nyembamba tu. Wimbo ule ule, na ghafla magita mawili hayagombanii nafasi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyimbo nyingi za pwani hazipigiki vizuri kwa gita moja.

8. Makofi kabla ya nyuzi

Chakacha ina mapigo sita, na ndani ya sita hayo unaweza kuhesabu mbili na tatu kwa wakati mmoja. Mtu aliyejifunza kwa nyimbo za kigeni za mapigo manne huipiga ikasimama kama mlingoti. Gita halitakufundisha hilo. Waulize kina mama wa nyumbani kwako. Chakacha ni ngoma ya wanawake, na shangazi au bibi aliyeicheza kwenye harusi ameubeba mdundo huo mwilini. Mwombe akupigie makofi wewe ufuate, kisha mbadilishane: yeye apige tatu, wewe upige mbili juu yake. Mkishikana bila kuyumba, chukua gita. Vivyo hivyo kwa sengenya ya Wadigo kwa wale wa Likoni, na mwanzele kwa wenye jamaa wa Kigiriama huko Kisauni.

9. Kordi tatu na penseli moja

"Jambo Bwana" unaweza kuupiga wote kwa kordi tatu, C, F na G. F ndiyo inayovunja watu moyo kwa sababu ya kidole kinachobana nyuzi nyingi pamoja. Usiache gita kwa ajili yake. Hamia G, C na D, uupige wimbo huo huo, na F uifanyie mazoezi kidogo kidogo pembeni.

Shida inakuja unapokuta kwaya. Wapiga kinanda wanapenda E bemoli na B bemoli, ambazo kwenye gita ni ngumu. Weka kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, freti ya kwanza, piga maumbo ya D, G na A, uko kwenye E bemoli. Weka kapo freti ya tatu, piga maumbo ya G, C na D, uko kwenye B bemoli. Huna kapo? Wapigaji wa zamani wa Afrika Mashariki na Kongo waliilaza penseli juu ya nyuzi, wakaifunga kwa mpira nyuma ya shingo. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha. Kaza mpaka kila uzi ulie safi.

10. Video, ndiyo, lakini kwa kiasi

Video za mtandaoni zinafundisha kordi vizuri na unaweza kuzirudia utakavyo. Haziwezi kukuambia bega lako limepanda. Tazama usiku, kesho yake kamwonyeshe mtu ulichokipata.

11. Chunga masikio ya jirani

Nyumba zetu zimeshikana ukuta. Adhana ikilia, nyamaza, na wakati wa Ramadhani waulize majirani saa zinazowafaa. Usiku weka kitambaa chini ya nyuzi karibu na daraja, vidole vifanye kazi bila sauti kutoka. Jirani asiyeudhiwa ndiye atakayekuja kukuambia kwamba binamu yake anauza gita.

12. Siku ya mazoezi ya kwanza

Ukikaribishwa kwenye bendi, iwe ya kanisa Magongo au ya harusi Mishomoroni, fika kabla ya mpiga ngoma. Akishaanza kupima ngoma zake huwezi tena kutyuni kwa sikio. Beba uzi wa kwanza na wa pili wa akiba, maana hizo ndizo zinazokatika, kitambaa, kapo au penseli yako, na karatasi yenye nyimbo na kordi za kuanzia kwa mwandiko unaosomeka gizani. Muulize mpiga besi wimbo unaanzia wapi na nani anatoa ishara ya kumalizia. Simama upande wake, mahali unapouona mkono wake. Ukipotea katikati ya wimbo, acha kupiga, msikilize yeye hadi mzunguko urudi mwanzo, kisha ingia tena kwa sauti ndogo. Akikuangalia na kutikisa kichwa, ongeza.